Ncha za Kisogoni

Tulipohamia Temeke, mume wangu akiwa amepata kazi kwenye reli, nilifika na kichwa kilichonyolewa. Shule ya misheni kule kwetu Unyamwezi wasichana tulinyolewa wote, na hata nilipoolewa niliendelea kunyoa kwa mazoea. Sikuona ubaya wake mpaka alasiri ya kwanza, nilipotoka uani nikawakuta wanawake wa nyumba ile wamekaa mkekani, mmoja katikati ya miguu ya mwenzake, wanasukana. Nikawasalimu, wakaitika vizuri. Mmoja akanitazama kichwa akacheka.

"Karibu, bibi harusi. Lakini wewe tutakusuka nini?"

Wenzake wakacheka, na mie nikacheka, kisha nikaingia chumbani nikalia.

Mume wangu alikuwa akiondoka na treni kwenda bara, harudi mpaka wiki zipite, na akirudi ni kula na kulala. Kuna siku nilikuwa sisemi neno tangu asubuhi hadi jioni, labda "naomba nipite" pale bombani. Si kwamba wale wanawake walinichukia, hata! Hawakuwa na haja na mie tu, na hilo linauma zaidi. Nilikuwa nasikia vicheko vyao kupitia dirishani, nikipepeta mchele ambao nimeshaupepeta.

Basi nikaapa. Nitafuga nywele mpaka zishikike, na siku zitakaposhikika nitakwenda kukaa pale mkekani, nione nani ataninyima mkono.

Nani alikuwepo wa kunielekeza? Nilizichana kavu asubuhi na jioni, nikidhani kuchana ndiko kunakozirefusha. Nikaziosha kwa sabuni ya kufulia. Zikaota, zikafika masikioni, zikagoma. Nikavuta unywele mmoja mbele ya kioo cha mume wangu cha kunyolea ndevu, nikaona ncha imepasuka, umekuwa kama uzi unaokataa kuingia kwenye tundu la sindano. Nikavuta mwingine, vilevile. Kila chanuo lilipopita liliondoka na vipande. Loo, nilivyokasirika! Nililirusha chanuo ukutani likavunjika meno, halafu nikaanza kulitafutia meno yake uvunguni, mjinga mie.

Nikatoa mkasi wangu wa kushonea, nikaanza kukata ncha kila Jumapili nikitoka kanisani. Mbele nilipaona, pembeni nilipafikia. Kisogoni ndiko kulikonishinda. Nilipapasa, nikakata kwa kubahatisha, nikajikata sikio, nikaacha. Kichwa chote mtu unacho mwenyewe, lakini nyuma yake lazima uwe na mwenzako, na mie sikuwa naye.

Vipande nilivyokata sikuvitupa hovyo. Kwetu nywele haziachwi zikazagaa, mtu mbaya asije akaziokota akakufanyia mambo. Bibi yangu alizifukia chini. Nami nikawa nazifunga kitambaani, natoka alfajiri wenzangu hawajaamka, nazifukia kando ya ukuta wa bafu.

Ikatokea mtoto wa yule mama aliyenicheka akashikwa na homa isiyokwisha. Na katikati ya homa hiyo, kuku wa mwenye nyumba akaparua pale ukutani, akatoka na kitambaa mdomoni, akakikokota ua mzima mpaka nywele zikamwagika mbele ya mkeka. Nilikuwa mlangoni, nikaona yote.

"Nywele za mwanangu hizo!" yule mama akapiga kelele. "Nani kamfukia mwanangu?"

Macho yote yalinigeukia. Mgeni alikuwa mmoja tu. Hapo sikuwaza tena mkeka. Niliwaza kwamba nitatolewa vyombo vyangu nje, mume hayupo, nikae barabarani na godoro. Nikasema, "Ni zangu," na sauti ikatoka ndogo hata mwenyewe sikuiamini.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo, mjane, mtu wa maneno machache. Akainama, akaziokota zile nywele akaziweka kiganjani.

"Zako, ukazifukia kwangu kwa nini?"

"Shikamoo bibi," nikasema, kwa woga tu, maana tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi. Nikamweleza. Zinapasuka, nazikata, na kwetu zinafukiwa.

"Sie tunazitupa chooni."

"Chooni!" Nilisahau woga. "Nijitupe chooni mwenyewe, bibi, na akili zangu?"

Mmoja akaangua kicheko. Yule mama hakucheka. Bibi akamsogezea kiganja. "Tazama. Mtoto wako ana nywele laini, na hajanyolewa tangu arobaini yake. Hizi ngumu, zimekatwa kwa mkasi, na kila ncha imechanika. Mpeleke mtoto hospitali, acha kumtafutia mchawi." Yule mama akambeba mwanawe akaondoka bila kunitazama.

Kisha bibi akanivua kilemba. Akanigeuza kichwa upande huu na upande huu.

"Mbele umekata vizuri. Nyuma nani anakukata?"

"Hakuna, bibi."

Nilijikaza, lakini machozi yalishatoka. Akaniambia nilete mkasi na mafuta ya nazi. Akakaa mkekani, akanikalisha chini mbele yake, akanibana mabega kwa magoti. Wengine walikuwa wameshaanza kuondoka, huyu kwenda jikoni, huyu kufuata maji, na hakuna aliyesema nami. Bibi akanipaka mafuta, akagawa nywele mafungu, akakata ncha moja moja, polepole. Tangu niondoke kwa mama yangu hakuna mtu aliyekuwa amenishika kichwa.

"Haya mwanangu, imekwisha. Zilizobaki nzima."

"Bado, bibi," nikasema. "Nasikia bado zimepasuka huko chini."

Alijua nadanganya, nani anayesikia ncha ya unywele? Halafu mkasi ukaanza kulia tena nyuma ya shingo yangu, ukaendelea kwa muda mrefu, na mkono wake wa pili umetulia utosini pangu. Mabegani hakikuanguka hata kipande kimoja.