Dole la Fundi

Wateja walimwita Dole, na fundi huyu wa kompyuta alijivunia jina hilo. Kila prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iliyofika mezani pake aliipapasa chini kwa dole gumba, taratibu, kabla ya kuipachika kwenye bodi kuu ya mashine. Pini moja, kati ya vile vijiti vyembamba vya chuma, ikiwa imeinama, dole lilimwambia. Mafundi wenzake walimtania kwamba hata chai huionja kwa dole.

Wasichojua ni kwamba tangu mwaka jana dole ndilo pekee lililobaki. Macho yalishamtupa mkono. Mkewe akigusia miwani, anajibu kwamba miwani ni ya wazee. Mtu mzima, akili zake timamu, anajidanganya mchana kweupe!

Ndipo akaja mdogo wake wa kike, mchoraji wa ramani za nyumba. Kompyuta yake ilikufa katikati ya kazi, na ofisi iliyompa kazi ilitaka michoro Ijumaa, la sivyo inampa mtu mwingine. Akiba yake ilitosha mashine moja tu, kwa hiyo aliitaka ya kudumu. Alisikia kuna familia mbili za prosesa. Ya kwanza pini zake ziko chini ya prosesa yenyewe, na bodi yake itapokea prosesa mpya kwa miaka kadhaa. Ya pili pini zake ziko kwenye soketi ya bodi, pale prosesa inapokaa, na bodi hiyo haitapokea prosesa nyingine mpya.

“Ungekuwa wewe, kaka, ungechukua ipi?”

Jibu alilijua. Lakini alipoziwazia pini elfu na ushei za ile ya kwanza, ambazo kuzilenga kwenye matundu ya bodi kunataka macho, na kwake sasa zilikuwa ukungu mtupu, aliingiwa na hofu. Akamwambia achukue ya pili. Akamwaga sababu chungu nzima, zote za kitaalamu, na dada akashukuru, akaenda kununua.

Alhamisi asubuhi akafungua soketi. Hajawaza lolote, dole likashuka lenyewe na kupapasa kama lilivyozoea. Pini za soketi ni laini kama nywele, hazitaki kuguswa. Alizisikia zikilala chini ya ngozi yake. Akapachika prosesa hivyo hivyo, akawasha. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Akazima, akawasha tena, akarudia mara saba huku akimwomba Mungu kama mtoto.

Dada alipofika, prosesa ilikuwa imeshatolewa; aliiangalia soketi mara moja tu, akasema safu nzima imelala. Dole akamwambia bodi ilitoka dukani hivyo. Dada akaamini, kwani lini kaka yake alimdanganya? Akairudisha bodi kwenye boksi, akasema muuzaji yule atamtambua leo. Dole akamfikiria muuzaji, mtu asiye na kosa, akisutwa mbele ya wateja wake. Dada alikuwa ameshafika mlangoni.

“Rudi, mdogo wangu. Ni mimi niliyeziharibu. Sioni. Tangu mwaka jana sioni, ndiyo maana nikaziogopa zile pini nyingine.”

Dada akasimama, boksi kifuani. Kwa Dole alikuwa kivuli tu mlangoni, uso haupo.

“Kwa hiyo ile ya kwanza ndiyo ingenifaa?”

Dole akaitikia kwa kichwa. Halafu, kwa kuwa hakuweza kujua kama anatazamwa, akasema ndiyo.