Vifaranga Nyuma ya Lakiri

Hasira nyingi nilizotoka nazo mahakamani katika miaka yangu ya uwakili nimeshazisahau. Hii ya vifaranga haijanitoka.

Mteja wangu alikuwa mama wa Kichaga, mwalimu mstaafu, aliyefungua kituo cha kutotoleshea vifaranga pale Usa River. Alikuwa na mashine mbili katika chumba kimoja alichokipiga deki mwenyewe kila asubuhi. Wanawake wa Kimeru walishuka kutoka mlimani kuchukua vifaranga kwake, kwa sababu wa kwake hawakufa ovyo.

Kibali chake kilikuwa cha mwaka mmoja. Miezi miwili kabla hakijaisha aliomba kipya kwenye mfumo wa mtandaoni, kama walivyomwelekeza. Mfumo ukajibu kwamba ombi linasubiri ukaguzi. Akaenda ofisi ya mifugo mara ya kwanza, mkaguzi yuko semina. Mara ya pili, yuko likizo. Mara ya tatu mkaguzi yupo, lakini gari halina mafuta. Kibali kikaisha ombi likiwa bado linasubiri.

Alhamisi moja mkaguzi akatokea. Hakuja kukagua. Alikuja na lakiri, ule waya wenye kipande cha madini ya risasi kilichogongwa muhuri, akaufunga mlangoni. Kosa: kuendesha kituo bila kibali. Mama akamwambia kuna mayai zaidi ya elfu moja ndani, yako siku ya ishirini, na yai hutotolewa kwa siku ishirini na moja.

"Mama, mimi sikuja kwa ajili ya mayai," akamjibu. Umeme aliuacha uwake. Nadhani alijiona mtu wa huruma.

Nilifika alasiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hawa wanaanza kutoka usiku wa leo. Nitawaambiaje wasubiri?"

Kifaranga akitoka kwenye yai huwa na akiba ya kiini tumboni. Humtosha siku mbili, akibahatika tatu, kisha lazima apate maji. Nami nilikuwa nimebeba sheria inayosema kwamba ukitaka kuishtaki serikali, uipe kwanza notisi ya siku tisini. Siku tisini! Kifaranga huyo, kama ni wa nyama, angekuwa ameshakua, ameshachinjwa, ameliwa na mifupa yake imetupwa.

Palikuwa na upenyo mmoja: kuiomba Mahakama Kuu zuio la muda wakati notisi inaendelea. Ijumaa asubuhi nikawasilisha maombi kwa hati ya dharura.

"Majaji wako kwenye mafunzo, wakili," karani akasema. "Yamepangwa Jumatano."

"Jumatano watakuwa wamekufa."

"Akina nani?"

"Vifaranga."

Akanitazama kuona kama namtania, halafu akacheka. Mawakili wenzangu waliokuwa nyuma yangu wakacheka pia. Sijawasamehe.

Nikatoka hapo nikaenda ofisini kwa mkaguzi. Nilimsihi aende akakague siku hiyohiyo, kazi ya nusu saa.

"Siwezi kukagua kituo kilichofungwa," akasema.

"Basi kifungue."

"Siwezi kufungua kituo ambacho hakijakaguliwa."

Hakuwa ananikejeli. Aliyasema hayo kwa uso wa mtu anayekusomea ratiba ya basi, na ndicho kilichonichoma zaidi.

Jumapili mchana mama akanipigia simu nije. Nilimkuta nje ya kituo, bado amevaa nguo zake za kanisani.

"Sikiliza," akasema.

Nilikuwa nimeshasikia tangu getini. Vifaranga kwa mamia walikuwa wanalia nyuma ya mlango.

"Sheria inasemaje, wakili?"

Nikamwambia. Kuvunja lakiri ni kosa la jinai. Asubiri Jumatano. Niliyasema yote hayo nikiwa hatua mbili kutoka mlangoni, na kila neno lilinitoka kwa aibu.

"Wewe umeshasema yako. Sasa nenda ukakae garini, wasije wakakufanya shahidi."

Nikaenda nikakaa garini, nimeupa mlango mgongo. Baada ya muda akagonga kioo, koleo mkono mmoja, waya mkono mwingine.

"Nimekata. Andika hivyo."

Kisha akarudi ndani, nami nikamfuata. Tuliwanywesha vifaranga hadi jioni, tukiwachovya midomo kwenye maji mmojammoja. Katika trei za juu wengi walikuwa hai. Waliokuwa chini walikuwa wametangulia kutoka, na karibu wote walikuwa wamekufa.

Jumatatu akaitwa polisi, akafunguliwa mashtaka. Nilimwandalia utetezi wa kurasa nyingi, pamoja na nakala ya ombi lake lililolala kwenye mfumo. Akaukataa. Hakimu alipomsomea shtaka, alisimama kama aliyeitwa ubaoni.

"Nimekata, mheshimiwa. Ila naomba huyu baba aulizwe, alijua vifaranga wanakaribia kutoka?"

Hakimu akamuuliza mkaguzi.

"Alinieleza, mheshimiwa. Lakini hakuna sehemu ya kujaza hilo kwenye fomu."

Mama akatiwa hatiani, akaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa mwaka mzima. Yeye, aliyefundisha watoto wa watu kusoma, leo ana rekodi ya jinai. Yale maombi yangu ya dharura yalitupwa Jumatano, kwamba yamepitwa na wakati.

Wiki iliyofuata mfumo ukamtumia ujumbe: ombi limeidhinishwa. Mkaguzi alikuwa hajakanyaga kituoni. Nikamwambia nipe ruhusa, naandika notisi, tutawashtaki mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi sina nguvu ya kusikia ile sauti mara ya pili," akasema.

Akauza mashine zote mbili. Wanawake wa mlimani sasa huletewa vifaranga kwa lori kutoka mbali, na kila boksi linalofunguliwa lina waliokufa. Lori hilo halijawahi kusimamishwa. Kibali chake kiko sawa.