Hatua Kumi na Nne

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilikuwa kwenye foleni katika ofisi ya simu mjini Bukoba. Mbele yangu mzee mmoja wa mtaa wa Hamugembe aliomba soketi ya pili ya simu ya mezani, iwekwe chumbani kwa mkewe.

"Taata, si umnunulie ya mkononi?" mhudumu akauliza, akimwita baba kwa Kihaya.

"Anayo. Anaibonyeza kwa shavu, inakata. Dada yake akipiga ya mezani kutoka Kagoma, mke wangu anajikongoja hadi sebuleni, akifika imenyamaza. Dada anadhani amenuniwa."

Mhudumu akacheka, akachukua kalamu. "Kutoka sebuleni hadi kitandani ni umbali gani?"

"Hatua zangu nane. Zake kumi na nne." Akaburuza kiatu sakafuni kutuonyesha moja.

Mhudumu hakucheka tena. "Waya nitaukadiria kwa zako, taata. Fundi atakuja leo mchana kwa sababu ya zake."

Mimi hukata simu ikishaita mara tano, kisha huanza kuwaza mabaya. Kesho yake asubuhi nilimpigia bibi yangu aliyeko Muleba, nikaiacha iite. Alipokea kwenye mlio wa kumi na moja, akihema.

"Leo umeningoja," akasema.