Mtoto wa Ziwani Asiyejua Maji

Swali lilikuwa jepesi, na uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja. Afande aliyekuwa akiwapangia vituo askari wapya alimuuliza ametoka wapi. Kokwijuka akasema Rubafu, Bukoba Vijijini. Afande akatabasamu: mtu wa ziwani, basi kuogelea anajua? "Ndiyo, afande," akajibu, maana baada ya miaka miwili ya jembe na mchakamchaka JKT, na miezi ya kozi juu yake, hakuwa tayari kurudishwa nyuma na kitu chochote. Akapangiwa Wanamaji.

Ukweli ni kwamba binti huyu wa miaka ishirini na miwili, mwenye mabega ya kubeba mkungu bila kuomba msaada, hakuwahi kulowa kupita magoti. Kwao ziwa lilitazamwa tu. Babu yake mzaa mama, Rwegasira, alikuwamo kwenye meli iliyozama mwaka tisini na sita, na mwili wake haukupatikana. Badala yake ukoo ulizika shina la mgomba kibanjani, shambani pa nyumbani, limeviringishwa shuka, likasomewa sala zote. Tangu hapo mama yake, Ephrasia, aliapa kwamba mtoto wake hatakanyaga yale maji. Watoto wa jirani walioga ziwani; wa Ephrasia walioga kwenye beseni, wakachekwa mpaka wakazoea.

Sasa alikuwa nyumbani kwa likizo ya siku kumi, kisha aripoti Dar es Salaam. Waliomtangulia walishamwambia kwa simu kwamba wiki ya kwanza watu huingizwa kwenye kina, na anayebainika kuwa alidanganya anarudishwa kwao. Mama hakuambiwa hata hilo la Wanamaji. Yeye alijua mwanawe anakwenda jeshini, basi, na jumuiya nzima ya kanisani ilikuwa imeshamwombea. Kokwijuka aliogopa maji, aliogopa kufukuzwa, na zaidi ya yote alimwogopa mama.

Siku ya nne asubuhi, mama alipokwenda kuchuma kahawa, aliteremka ziwani peke yake. Alijikaza akaingia mpaka kifuani. Wimbi dogo likamgusa kidevu, akaganda palepale, mbele hawezi, nyuma hawezi. Askari mzima, ameapa kuifia nchi, analia kwenye maji ya kifuani.

"Kokwijuka."

Mama alikuwa amesimama ufukweni, kikapu cha kahawa bado mkononi. Jirani alimwona binti akishuka, na kijijini habari haichelewi. Akauliza anafanya nini humo. Kokwijuka alisema yote, kwa sauti ya kitoto: Wanamaji, swali la afande, jibu alilotoa. Kokwijuka alingoja aamriwe kutoka. Moyoni aliomba aamriwe, apate sababu ya kuacha.

Ephrasia akatua kikapu, akakaza kanga kiunoni, akaingia na nguo zake. Alimpita mwanawe, akafika mahali maji yanapozidi kimo cha mtu, na hakuzama. Alipiga mikono taratibu, akazunguka, akarudi. Kokwijuka alimtazama kama mgeni.

"Baba yangu ndiye aliyenifundisha," mama alisema, akihema. "Rubafu yote hakuna aliyemshinda kuogelea. Na bado ziwa lilimchukua. Sasa ningewafundisha ninyi ili iweje?"

Hofu aliyokuja nayo Kokwijuka ilikuwa ya kutojua. Hii aliyopewa sasa ilikuwa kubwa kuliko ile. Akasema basi, ataandika barua jeshini, atasema ukweli; sasa watoke majini, warudi nyumbani.

"Lala chali, mwana wange," mama alisema. "Legeza shingo."

Alilala. Mkono wa mama ulikuwa chini ya mgongo wake. Masikio yakajaa maji, kijiji kikanyamaza chote, akabaki anasikia moyo wake tu.

"Mama, usiniachie."

"Sikuachii," Ephrasia alisema, akauondoa mkono.