Nilivyosafishiwa Fisi Maji

Kazi yangu ni ya maabara. Kutwa nzima nimeinamia hadubini, jicho moja nimelifumba, natafuta vijidudu kwenye damu za watu. Labda ndiyo maana nilipopata kamera ya mtumba, yenye lenzi ndefu iliyochubuka pembeni, sikupata shida kuizoea. Kufumba jicho na kusubiri nilishakujua. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa nasubiri nje, kwenye upepo wa ziwa, na nilichokuwa nakiangalia kiliweza kuniangalia na chenyewe.

Nakaa Pasiansi, kando ya ziwa. Asubuhi kabla ya kazi nilikuwa nashuka ufukweni na thermos yangu ya chai, nakaa juu ya jiwe, napiga picha za mnandi wakianika mabawa, yangeyange, mdiria akipiga mbizi na kutoka na dagaa mdomoni. Dada yangu alisema nimekosa mume wa kumwangalia, sasa naangalia ndege. Siku zile nilikuwa na furaha ambayo sikutaka kuijadili na mtu, hasa yeye.

Nilikuwa na msimamo wangu mkali juu ya picha. Kwetu maabara, sampuli ikiingia uchafu unaitupa, unachukua nyingine. Huwezi kuipaka rangi ili ipendeze. Basi nikaamini na picha ni vivyo hivyo: ilivyotoka ndivyo ilivyo, na anayeichezea kwenye kompyuta ni mwongo tu kama waongo wengine. Nilikuwa nayasema haya kwa sauti, bila kuulizwa.

Aliyenitoa ushamba ni fundi wa picha mmoja mjini, mzee wa familia ya Kiislamu iliyokuwa na studio tangu enzi za baba yake, enzi za chumba cha giza na beseni za dawa. Nilikwenda kwake kutoa picha ya mnandi niliyoipiga jua likiwa nyuma yake. Ndege mzima alikuwa mweusi tii. Nikasema nimeikosa, ila anitolee hivyo hivyo.

"Hujaikosa, daktari," alisema. Watu wote wa maabara tunaitwa daktari, na tunakubali. "Kaa hapo."

Akasogeza kitu kidogo kwenye kioo cha kompyuta, polepole, kama mtu anayepunguza moto wa mkaa. Weusi ukaanza kulegea. Manyoya yakatoka moja moja, kila moja na ukingo wake, halafu likatoka jicho. Lilikuwa la kijani. Miezi yote ile nilikuwa nawaangalia mnandi na sikuwahi kujua kwamba wana macho ya kijani.

"Hilo jicho sikulitia mimi," alisema bila kugeuka. "Lilikuwemo. Kamera ililiona, wewe hukuliona."

Kuanzia siku hiyo nikawa napita kwake kila Jumamosi, nakaa kwenye benchi la wateja, namtazama akifanya kazi. Mzee yule alikuwa na mkono. Alifuta jasho kwenye uso wa bwana harusi bila kuufuta uso. Mtoto aliyefumba macho alimfumbua kwa macho yake mwenyewe, yaliyotoka kwenye picha iliyopigwa sekunde moja kabla. Akishamaliza hukuona palipopita mkono wake, na sifa hiyo ndiyo aliyoitaka, isionekane kazi yake. Nilimhusudu. Hata mimi nilianza kujifunza kunyanyua vivuli, yaani kutia mwanga penye giza, kwenye kompyuta ya nyumbani, na ule msimamo wangu mkali nikauacha kimyakimya bila kumtangazia mtu.

Mwaka jana ukaja mjadala wa matete. Chini ya mtaa wetu kuna kona ya ufukwe iliyojaa matete marefu, na vijana wa mtaa walitaka yakatwe yote ili waweke viti na kibanda cha vinywaji. Wakasema pia yanaficha mbu na wezi. Kwenye mkutano wa mtaa nikasimama nikasema ndani ya matete yale anaishi fisi maji, nimemsikia akilia kwa filimbi yake nyembamba, na nadhani ana watoto.

Nilikosea kuanza na neno fisi. Mtu wa kwetu ukimtajia fisi hakuulizi anakula nini, anakuuliza ni wa nani, kwa sababu kila mtu amekua akisikia kwamba fisi wana wenyewe, na wenyewe hao, wachawi, wanawapanda usiku. "Fisi wa nani huyo, daktari?" mtu akauliza kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikaeleza kwamba huyu si wa jamaa ya fisi, ni mnyama mrefu wa majini, ana manyoya laini na anakula samaki. Wakazidi kucheka. Wazee wawili walisema waliwaona utotoni lakini walishakwisha.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mtu wa haki. Akasema, "Lete picha. Tukimwona kwa macho yetu yupo pale na watoto, ile kona hatuigusi. Usipoleta, Jumatatu baada ya mkutano ujao matete yanakatwa." Alinipa wiki mbili.

Wiki mbili zile nilikuwa pale kila alfajiri, nimelala kifudifudi kwenye tope. Siku ya kumi na moja akatoka. Alipanda juu ya jiwe, maji yakimchuruzika, shingo ina madoa meupe kama maziwa yaliyomwagika, na nyuma yake wakafuata watoto wawili wakikanyagana. Nikabonyeza. Niliogopa kuiangalia picha. Nilipoiangalia nililia, nasema wazi, mtu mzima kwenye tope nalia kwa ajili ya panya mkubwa wa majini.

Ijumaa nikampelekea fundi kadi ya kamera. Nilikuwa nakimbilia zamu. Nikamwambia, "Fundi, nisafishie hii, kubwa, vizuri kabisa. Kesho naipeleka mkutanoni."

Hapo ndipo nilipojiponza. Mimi nimekua na lugha ya zamani: kusafisha picha ni kuitoa kwenye karatasi, basi. Mama yangu alikuwa anapeleka mikanda mjini "kusafisha" na anarudi na picha kwenye bahasha. Lakini kwake fundi, tangu kompyuta iingie, kusafisha ni kusafisha. Mteja akisema "nisafishie vizuri kabisa", maana yake nisionekane na kipele hata kimoja.

Jumamosi asubuhi nikachukua bahasha, nikaifungua mlangoni. Ilikuwa picha nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuipiga. Unyoya kwa unyoya, sharubu zina matone, watoto wanang'aa, maji bluu ya kupendeza. Nilifurahi kama mjinga, nikamshukuru, nikapanda bodaboda. Mimi ninayelipwa kwa kuangalia, sikuangalia.

Mkutanoni picha ilipita mkono kwa mkono. Mwanzoni watu waliguna kwa kuipenda. Kisha kijana mmoja wa wale waliotaka kibanda akasema, "Hii ya mtandaoni. Maji yetu lini yakawa na rangi hii?" Mwenyekiti akaichukua, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Daktari, hili jiwe liko wapi?"

Nikainuka kumwonyesha, na ndipo nilipoliangalia jiwe lenyewe. Jiwe lile kila mtu wa Pasiansi analijua, kwa sababu mwenyekiti mwenyewe alilipaka maandishi makubwa meupe: NI MALUFUKU KUFUA HAPA. Ile lu ya malufuku imetaniwa miaka yote, hata wanafunzi wanaipita wakiisoma kwa sauti. Kwenye picha yangu jiwe lilikuwa tupu. Hakuna maandishi, hakuna dumu la njano lililonasa kwenye matete, hakuna tope. Fisi maji alikuwa amekaa mahali pasipokuwepo duniani.

"Naona mmemkodi Ulaya," mtu akasema. Watu wakacheka, na ajenda ikahamia kwenye taka.

Nilitoka nje nikampigia fundi, ambaye kadi yenye picha halisi bado ilikuwa kwake. Nilimfokea maneno ambayo mtu hamwambii mtu wa umri wake. Hakujitetea. Aliuliza jambo moja tu, kama mkutano bado haujafungwa.

Alifunga studio siku ya Jumamosi, siku ya maharusi, akaja kwa bodaboda na laptop ameikumbatia kifuani. Akaomba dakika tano. Watu wengi pale walikuwa wateja wake, na mzee yule aliyejivunia maisha yake yote kwamba kazi yake haionekani, akaifungua mbele yao. Alionyesha picha yangu jinsi ilivyofika, halafu alivyoondoa dumu, alivyoondoa tope, alivyobadilisha maji. "Na hapa," alisema, "niliona neno limekosewa. Nikasema huyu binti anaipeleka mbele za watu, asije akachekwa. Nikalifuta. Kosa ni langu, si lake."

Kwenye kioo lilisomeka wazi kabisa, NI MALUFUKU, na juu ya herufi ya mwisho alikuwa amekaa mama na watoto wake wawili. Hapakuwa na jiwe lingine kama lile ziwa zima. Kicheko kilichopigwa safari hii kilimwangukia mwenyekiti, naye akakipokea kiume. Akasema ahadi ni ahadi, kona ile haiguswi, viti vitafutiwe mahali pengine. Nilitaka kumkumbatia fundi lakini nilikuwa na aibu ya yale niliyomwambia kwenye simu.

Fundi alikuwa anafunga laptop, bibi mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono.

"Fundi, na ile ya marehemu mzee wangu uliyonitengenezea nikaitundika ukutani," aliuliza. "Nayo uliisafisha hivyo?"

Fundi aliiweka laptop chini. Angeweza kusema hakumbuki. "Shikamoo bibi," alianza, ingawa walishasalimiana. "Nilimtoa kwenye picha ya harusi ya mwanao, alikuwa amesimama nyuma ya watu. Kicheko ni chake, sikukigusa. Lile koti ndilo si lake. Nilimvalisha mimi."

Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Koti nilijua tangu siku ile. Mzee wangu hakuwahi kuwa na koti," alisema. "Nilikuwa naulizia kicheko."