Pikipiki Niliyoifungua Kabla ya Kuinunua

Mwanamke aliyekuwa akinunua maziwa ya ngamia kambini na kuyapeleka kwenye basi la asubuhi la Nairobi aliniambia hivi: nikipata pikipiki kabla ya Jumamosi, kazi ya kubeba maziwa ni yangu. Nisipopata, atampa mwingine. Nilikuwa nimekaa Garissa miezi minne nikisukuma mkokoteni wa maji. Kabla ya hapo nilikuwa Hadado, na kabla ya Hadado nimepita miji ambayo sikukaa hata nikajua jina la jirani. Kazi hii niliitaka. Nilitaka kuziona kambi za ngamia ng'ambo ya Modika kila alfajiri, nijue wafugaji wanavyokamua, wanavyoitia moshi mitungi. Tena nilikuwa nimechoka kusukuma kitu cha mtu mwingine.

Akiba yangu ilitosha pikipiki kuukuu. Mpya ningeipata dukani kwa kutanguliza kiasi na kulipa iliyobaki kidogo kidogo, pamoja na riba. Nilimweleza nikidhani mpya itamfurahisha.

"Maziwa yangu haiwezi panda riba," alisema, mkono wake ndani ya mtungi akiusugua. "Hiyo haramu. Baraka inatoka."

"Basi nitachukua ya mkono wa pili, mama."

"Yule wa kwanza alikuwa na mkono wa pili. Ikakufa njiani, basi ikaenda, maziwa yote ikaharibika."

"Mpya hutaki, kuukuu hutaki. Nibebe mgongoni?"

"Ngamia anabeba mgongoni na hajibu mtu."

Wauza maziwa wenzake walicheka. Mmoja akaniuliza nimetoka Kenya lini, maana huku mtu wa bara huulizwa hivyo, kana kwamba Garissa iko nchi nyingine. Mimi nikikasirika huwa nauliza maswali. Nikamuuliza mama riba inaingiaje kwenye maziwa, inapitia kwenye gurudumu au kwenye kiti?

"Uliacha shule darasa la ngapi?" akauliza.

"La saba."

"Inaonekana."

Mwishowe akakubali kuukuu, mradi iwe nzima. Alisema ataisikiliza kwa sikio lake mwenyewe kabla ya mtungi wowote kufungwa juu yake.

Siku ya Alhamisi nikamwendea kijana mmoja aliyekuwa akiuza pikipiki yake kando ya soko la mifugo. Hakunisalimu. Nilipoomba kuizungusha kidogo alisema niende mpaka kwenye lango tu, kwani petroli si ya baba yangu. Nikaenda, nikarudi. Ilitembea. Moshi haukuwepo. Lakini injini ilikuwa kimya mno, kama mtoto aliyevunja kitu. Nikafungua kifuniko cha oili, nikasugua oili kati ya vidole. Ilivutika kama asali.

"Hii ni oili ya gia ya lori," nikamwambia.

"Oili ni oili."

"Hii imewekwa kuziba kelele na moshi."

"Wewe fundi? Kama fundi, fungua tuone."

Nadhani alitaka kunitisha. Hakujua kwamba tangu utotoni nikiambiwa nifungue kitu, silali mpaka nimefungua. Nikaazima spana kwa mziba pancha aliyekuwa karibu, nikatandaza gunia, nikaanza. Kila nati niliyotoa, yule kijana alitukana kidogo kwa Kisomali. Nilipoinua kichwa cha injini, gasketi ikapasuka. Madalali wa mbuzi walikuwa wameshavuka barabara kuja kutazama.

"Umechinja," alisema dalali mmoja, fimbo ikiwa mabegani. "Mtu akichinja mbuzi sokoni, amenunua."

"Lipa," kijana akadakia. "Mashahidi hawa hapa."

"Daktari hanunui mgonjwa aliyempasua," nikasema.

"Daktari gani? Daktari wa mkokoteni?"

Walicheka tena, na kicheko kile ndicho kilichoniponza. Ningeweza kunyamaza, nikaomba kupunguziwa bei, nikaondoka na pikipiki yangu. Badala yake nikasimama katikati yao nimeinua pistoni, nikatoa mhadhara. Nikawaonyesha ilivyochubuliwa na mchanga, na ringi zilivyolika. Nikasema huyu ni mwongo mbele ya Mungu na mbele ya mbuzi wao. Nikasema tena, kwa fahari, kwamba ni mwongo mjinga, kwa sababu chombo chenyewe hakijafa: pistoni mpya, ringi mpya, silinda ichongwe, siku moja ya fundi, kitatembea miaka kikiwahisha maziwa ya ngamia kwenye basi la Nairobi.

Kijana aliacha kupiga kelele. Akachuchumaa kando yangu.

"Pistoni tu?" akauliza polepole.

"Pistoni na ringi."

"Na huku chini?"

"Chini hakuna ubovu. Shika hapa, tikisa. Inacheza?"

Akashika, akatikisa. Haikucheza. Hapo ndipo nilipopaswa kuelewa. Bila shaka fundi fulani alikuwa amemwambia injini yote imekwisha, ndiyo maana akaitilia oili ya lori na kutafuta mgeni wa kumwuzia. Mimi nilikuwa nimemtibia bure, hadharani.

Akasimama, akafuta mikono kwenye kikoi chake.

"Siuzi tena," akasema. "Lipa gasketi, uende."

"Haiwezekani. Nimeshachinja," nikasema. "Mmesema wenyewe nimenunua. Pesa hizi hapa."

Nilimgeukia dalali. Alinitazama kama anavyotazama mbuzi mwenye jicho bovu.

"Umekataa mbele ya watu," akasema. "Aliyekataa nyama hadai ngozi."

Nilibishana mpaka adhana ya alasiri, wakaondoka wote wakaniacha na spana za watu. Gasketi nililipa.

Ijumaa nilizunguka mji mzima nikatazama pikipiki nne. Mbili hazikuwa na karatasi, moja fremu yake ilikuwa imeungwa, na ya nne mwenyewe alinikataza nisiiguse. Habari zangu zilikuwa zimefika.

Jumamosi nilimwendea mama wa maziwa mikono mitupu, nimwombe siku mbili zaidi. Pikipiki niliyoifungua ilikuwa tayari mlangoni pake, mitungi ikifungwa kwa mipira. Yule kijana alikuwa akikaza fundo. Hakuinua uso.

"Nimeisikiliza," mama akasema. "Iko nzima. Anasema wewe ndio ulimwonyesha ugonjwa."

"Ilikuwa iwe yangu."

"Ungenunua kwanza, halafu useme."

"Alitaka kunidanganya, mama. Alitia oili ya lori."

"Mimi sijanunua oili yake. Nimechukua mtu wa kubeba." Akampa kijana mtungi wa mwisho. "Wewe unajua mambo mingi sana. Ni mdomo ndio hujui."

Kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kunikataza riba, Jumatatu nilikwenda dukani nikatia sahihi, nikatoka na mpya. Inanuka rangi bado. Nabeba abiria na mifuko ya saruji kati ya sokoni na Madogo, na sijaona ngamia hata mmoja akikamuliwa.

Asubuhi hukutana na yule kijana kwenye kizuizi cha polisi, mimi nikienda, yeye akirudi na maziwa. Hunipigia honi kwa dharau. Juzi alisimama kando yangu foleni ilipokwama, akavuta mafuta mara mbili, akaachia.

"Kenya," akasema, "wewe si daktari? Sikiliza. Iko sawa?"

Nilisikiliza, maana siwezi kutosikiliza. Alipoachia mafuta, cheni ya ndani ya injini iligonga, kidogo, upande wa kushoto. Wiki mbili, tatu, itaruka meno, injini ife, na itaruka akiwa mbali. Polisi akatupungia mkono tupite.

"Iko sawa," nikamwambia, nikatia gia.