Mfungo wa Bibi Siku ya Uhuru

Mwaka huu nilirudi Kashojwa, kijiji cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, kwa gari langu mwenyewe, na nakuambia mapema, ndugu msomaji, ili usidhani mimi ni mtu wa kujificha. Mtoto aliyeondoka Nakivale na godoro kichwani amerudi na stashahada ya uuguzi, nyumba ya matofali kule kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, na viatu visivyopenda vumbi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilifika siku ya uhuru wa Uganda. Vijana walikuwa wametundika bendera ndogo kwenye pikipiki zao, muziki unalia dukani, na harufu ya chapati ikanirudisha kwenye siku nyingine kama hiyo, nilipokuwa mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, siku ambayo mfungo wa bibi yangu ulikaribia kuninyima yote ninayojivunia leo.

Bibi ndiye aliyenilea. Tulilima mahindi na maharage kwenye kipande cha ardhi tulichopewa na wenyeji, na kila asubuhi, nikishakunywa uji, nilikimbilia shule kuimba wimbo wa taifa lisilo letu. Mwalimu alitufundisha kaulimbiu ya nchi: Kwa Mungu na Nchi Yangu. Nilikuwa mtoto wa maswali. Nilimuuliza kwa nini Mungu ametangulia, na nchi yangu mimi ni ipi. "Imba kwanza," alisema, "jua linawaka." Nikampelekea bibi swali hilo akiwa anapepeta maharage. Hakuinua hata kichwa, akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Mungu njo wa mbele, sababu inchi haijue kutembea peke yake." Sikuelewa, lakini nililihifadhi.

Yeye na akina mama wa kanisa letu walikuwa na desturi moja niliyoistaajabia. Siku ya uhuru, wa Kongo au wa Uganda, hawakula wala kunywa mpaka jua lizame nyuma ya kilima. Watu wote wanachinja, wao wanafunga! Sisi watoto tuliruhusiwa kula, ila chakula chenyewe hakikupikwa.

Mwaka ule mke wa mwanajeshi mmoja wa Mbarara, aliyezoea kuja kununua maharage yetu, alikubali kunifikiria. Angenipa kitanda nyumbani kwake ili nisome sekondari mjini, nami ningemsaidia kazi za nyumbani. "Mlete siku ya uhuru," alimwambia bibi. "Tutakula, tutaongea." Bibi hakuthubutu kuomba siku nyingine. Alitumaini mazungumzo yangeisha kabla ya sufuria kuiva.

Hayakuisha. Tulipofika kambi ya jeshi ya Mbarara, kwenye zile nyumba za mabati zilizopangwa kama askari gwarideni, matoke yalikuwa yanafunguliwa kwenye majani. Mvuke ulinipiga usoni. Kulikuwa na nyama ya mbuzi, na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli wa watu wa Ankole. Mwenyeji akamwekea bibi sahani iliyojaa. Bibi akaisukuma taratibu.

"Nyabo, hii chakula iko na sumu?" akauliza mwenyeji, akimwita bibi kwa neno la heshima la kwao.

"Hapana, mama. Leo niko nafunga."

"Unafunga siku ya uhuru yetu? Mimi napika tangu asubuhi! Kama chakula yangu hapana weza, basi na nyumba yangu hapana weza. Chukua mtoto yako, rudi naye."

Nilimbonyeza bibi kiunoni: tonge moja tu, Mungu angeelewa! Bibi akaushika mkono wangu na kuutuliza. Ndipo baba mwenye nyumba akaingia kutoka kwenye gwaride, kombati imenyooshwa, jasho shingoni. Mkewe akamshtakia palepale.

"Mzee," afande akamwambia bibi, "unafunga kwa sababu gani?"

"Siku tulipata uhuru kwetu, bantu balicheza, balikunywa. Hakuna mwenye alipiga magoti. Uliona fasi tulifika? Inchi yenu ilitupatia shamba. Sitaki iharibike kama yetu."

Watoto wa nyumba ile waliacha kutafuna. Nilidhani tumekwisha, maana nani humwambia mwanajeshi kwamba nchi yake inaweza kuharibika?

Afande alivua kofia. "Mungu na nchi yangu, sisi nasema kila siku. Ya nchi mimi najua. Ya Mungu tuliachia mapadri." Akasukuma sahani yake ikakaa kando ya ile ya bibi. "Funika hii. Nitangoja na mzee."

Mkewe alinung'unika, lakini akafunika. Jua liliposhuka, bibi akaomba kwa sauti: kwa wakulima, kwa walimu, kwa wenye bunduki.

"Hata majenerali unaombea?" mama mwenye nyumba akauliza, akicheka sasa.

"Bale njo naombea mingi!"

Tukala matoke yaliyopoa. Kisha mama akaninyooshea kidole. "Huyu atabaki. Lakini kwangu atakula! Sitaki mfungaji wa pili."

Ndivyo nilivyosoma, na mengine unayajua, nimeshajisifu. Bibi amelala kwenye udongo wa Kashojwa. Nilipopitia Mbarara, palipokuwa na zile nyumba za mabati nimekuta majengo ya ghorofa, na afande na mkewe walistaafu zamani, hakuna aliyeweza kunionyesha walikohamia. Nimeuliza kanisani kama bado kuna wanaofunga siku hii. Kina dada wakanitazama kama ninayeulizia mnyama wa zamani.

Mama aliyenipokea hapa Kashojwa aliniwekea sahani ya matoke mchana. Nikamwomba aifunike mpaka jua lizame.

"Unafungia nini, daktari?"

Mimi si daktari, ila sikumsahihisha. Nilikuwa natazama kilima, nikipima jua limebakiza kiasi gani.